Uso wa Mama Kwenye Sabuni

Watu wanaochora matangazo kwa kompyuta wana ugonjwa mmoja: ukiwauliza mawazo wanayatoa wapi, hawakwambii kweli. Kalamu naye alikuwa nao. Mbele ya wenzake alisema mawazo huyapata safarini, kwenye milango ya zamani, kwenye kutu ya mabati, kwenye nguo zilizoanikwa kambani. Watu wakatikisa vichwa, loo, binti ana kipaji huyu! Hakuna aliyemsikia akisema kwamba kazi iliyompa jina aliiokota uani kwao, kando ya karai la maji, wala kwamba siku hizi akiliona karai moyo unampasuka.

Kalamu si jina lake. Mama yake ndiye aliyempachika, enzi zile anachafua kuta kwa kipande cha mkaa, akifinywa sikio na kuambiwa, "Haya, kalamu we, futa!" Anafuta, kesho anachora tena. Jina likamganda hata ukubwani, hata ofisini, kwenye kampuni ndogo ya matangazo iliyokaa juu ya duka la vifaa vya umeme.

Sasa kazi yenyewe ilikuja hivi. Kiwanda cha sabuni kilitaka karatasi mpya ya kufungia sabuni yake ya kuogea. Ile ya zamani ilikuwa na ua ambalo hata nyuki asingelisalimia. Kalamu akamwomba bosi ruhusa asafiri kidogo akatafute mawazo, na bosi, sijui siku hiyo aliamka vipi, akakubali. Basi mtoto wa watu akazunguka. Mji huu, mji ule, kamera shingoni, akipiga picha kila kitu kisichoweza kukimbia: nakshi za milango, makopo ya rangi, mikeka, vibao vya vinyozi, ukuta uliobambuka rangi ukaonyesha rangi ya chini yake. Alirudi na picha za kujaza gunia. Akaketi, akatengeneza karatasi iliyojaa nakshi, kazi safi, mtu hawezi kuitia doa.

Bosi akaigeuza, akaigeuza tena.

"Nzuri," akasema. "Lakini haina mtu. Nani anaoga hapa? Mlango?"

Mtembezi hula miguu yake. Kalamu akaenda kwa mama yake mwisho wa wiki hiyo, amenuna, hataki hata kusalimiwa. Mama alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Alimkuta uani ameinamia karai, ananawa uso, na jirani muuza mitumba anamtania kutoka ng'ambo ya ukuta. Utani gani, Kalamu hakuusikia. Alichokiona ni mama anainua uso, povu limemjaa masikioni, jicho moja limefumbwa kwa sabuni, na mdomo wazi kwa kicheko, mwanya wote nje. Na mwanya wa mama haukuwa mwanya wa mchezo. Punje ya mchele ingepita bila kubisha hodi.

"Mama, usisogee!"

"We mtoto una wazimu? Povu liko jichoni!"

Kalamu akanyakua karatasi ambayo mama hukatia mitindo, akachora palepale, amechuchumaa kwenye maji machafu. Alipomaliza akauliza, "Mama, nikikuweka kwenye sabuni utakubali?"

"Mimi? Na uzee huu?" Mama akajifuta haraka, macho yanacheka. "Basi ngoja kwanza nikasuke."

"Hapana. Hivyo hivyo ulivyo."

Mama hakulisahau neno hilo. Mtu analishwa na cherehani, kazi yake kuinama, anaambiwa na mwanawe aliyesoma kwamba anafaa hivyo hivyo alivyo, unadhani atalisahau?

Kilichomtesa Kalamu ni rangi. Kahawia ya ngozi ya mama yake ilimsumbua wiki nzima; mara imekuwa tofali, mara imekuwa chai. Mwisho aliipata, ina wekundu kidogo kwa ndani, wekundu wa mtu aliyetoka kuoga. Kompyuta inataka kila rangi ipewe jina ili ihifadhiwe. Akaiandika "Mama". Bosi alipoiona ile karatasi alicheka tu, akaibeba kuipeleka kiwandani.

Jamani, sabuni ile ilitoka! Na mama naye akatoka nayo. Alikuwa akienda dukani hanunui kwanza. Anasimama, anaishika sabuni, anaiweka kando ya shavu lake na kunyamaza, mpaka muuza duka ashtuke. "Ala! Kumbe ni wewe!" Hapo ndipo anaanza kuagiza mahitaji yake. Jirani akimwona anatoka anapiga kelele, "Haya, sabuni imejileta yenyewe!" Shangazi mtu, ambaye tangu msiba wa kaka yake hakuwa amekanyaga nyumba ile, alitokea siku moja na kapu la matunda kuja kusema kwamba kipaji cha mtoto kimetoka upande wao. Mama akamkaribisha vizuri, akampa sabuni mpya akanawe mikono, akamwambia, "Nifungue taratibu, wifi, usinichane uso." Walicheka mpaka wakashikana mikono.

Lau mambo yangeishia hapo! Lakini mtu akiona kitu kinauzika, hana adabu tena.

Kiwanda kikaja na sabuni nyingine, ya kung'arisha ngozi. Meneja wa mauzo alikuja mwenyewe, kijana mpole, ananukia vizuri, anasema "tafadhali" kila baada ya maneno mawili.

"Uso ule ule, tafadhali," akasema. "Watu wanaupenda. Tunauangaza tu."

"Kiasi gani?" Kalamu akauliza.

Kijana akatazama huku na huku, akaweka kidole kwenye ukuta wa ofisi. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa. "Hivi hivi."

Kalamu akasimama. "Yule ni mama yangu."

Bosi akaanza kukagua kucha zake.

"Hongera sana," akasema yule kijana, na alikuwa anamaanisha. "Mama mzuri. Lakini mchoro ni wa kiwanda, si ndiyo?"

Ndiyo. Ulikuwa wa kiwanda, Kalamu alishatia sahihi siku nyingi kwa furaha zake mwenyewe. Mgeni alipoondoka akamfuata bosi, akasema hafanyi, hata wamfukuze. Bosi hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Sawa, usifanye," akasema. "Nitampa Kata-Bandika."

Kata-Bandika alikuwa mwenzao wa meza ya dirishani, anayeitwa hivyo kwa sababu kazi zake zote anakata huku anabandika kule. Kalamu aliwahi kumwona akimpa mtoto wa tangazo la maziwa masikio mawili ya upande mmoja. Akamfikiria mama yake mikononi mwa yule. Akawaza: kama lazima afanywe, bora mkono unaompenda ndio umfanye. Neno tamu hilo, na ndilo lililommaliza. Maana aliyeshika kisu kwa mapenzi na aliyekishika kwa chuki, jeraha ni lile lile.

Akajikaza kisabuni, akafungua faili. Faida ya kuipa rangi jina ni kwamba ukiigusa mara moja inabadilika kila mahali ilipotumika. Akabonyeza "Mama", akaisogeza. Paji la uso, mashavu, shingo, masikio, mkono ulioshika povu, vyote vikapauka pamoja, mbele ya macho yake, kimya kimya. Akafuta kidoa cha chini ya jicho. Akafuta mikunjo ya kicheko, na kicheko bila mikunjo kikabaki kama cha mtu anayelazimishwa. Meneja akaandika kwamba amefurahi, tafadhali wazibe na ule mwanya.

Hapo Kalamu akasimama kidete. Mwanya hauguswi! Akapiga simu, akapandisha sauti, akasema mwanya ndio unaofanya watu waijue sabuni yao, wakiuziba wamejichimbia kaburi. Wakakubali. Siku hiyo alirudi nyumbani anatembea kifua mbele, eti amemtetea mama yake. Ebo! Nyumba imeungua yote, yeye anashangilia kuokoa kitasa.

Kalamu hakumwambia mama. Alijidanganya kwamba sabuni hiyo itauzwa maduka makubwa ya mjini, mama ananunua pale pale pembeni kwao. Na ili asiulizwe, akaacha kwenda. Kila mama alipopiga simu, kazi ni nyingi mama, nitakuja mama. Wakati huo huo akaalikwa safari, nauli juu ya wenyeji, kwenda kwenye mkutano wa wachoraji kuzungumzia mawazo mazuri hutoka wapi. Akapanda jukwaani, akaionyesha ile karatasi ya kwanza kwenye kitambaa cheupe, mama mkubwa kama ukuta, anacheka. Akazungumza juu ya milango na nakshi. Walimpigia makofi.

Hata hajashuka vizuri, simu ikaita. Jirani muuza mitumba.

"Mwanangu, mama yako haonekani uani siku hizi. Nikimwita ananifokea, na hajawahi kunifokea. Wewe ndiye mtoto. Njoo."

Alikwenda moja kwa moja kutoka safarini, begi mkononi, mchana jua kali. Mapazia ya nyumba yalikuwa yameshushwa. Cherehani imefunikwa shuka. Mezani vilikuwa vipande vya sabuni ile mpya, vingine vimetumika vimebaki kama ukucha, na karatasi zake zimenyooshwa vizuri, zimepangwa. Mama alikuwa amekaa pembeni, mtandio umeshuka mpaka machoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinitazame sana, bado haijakaa sawa."

Kalamu akauinua mtandio. Mashavu yalikuwa mekundu, yanang'aa, yamebambuka kuzunguka mdomo. Kope zimevimba. Masikio yamebaki na weusi wake, kama yameazimwa kwa mtu mwingine. Kalamu akaketi sakafuni.

"Mama, umefanya nini? Mama!"

"Usipige kelele, jirani anasikia." Mama akaushusha mtandio nusu. "Nilikwenda dukani, nikaiona. Nikaiweka shavuni kama kawaida yangu, namsubiri muuza duka. Akanicheka. Akasema, mama, huyu si wewe, wamemtafuta mrembo mwingine. Nikarudi nimenywea, nikasema basi, nimeachwa, ndiyo dunia. Halafu nikautazama ule mwanya."

Akaugusa mwanya kwa kidole.

"Mwanya ni wangu, Kalamu. Nimezaliwa nao. Ungeuziba ningejua ni mtu mwingine, ningelala zangu. Lakini nilipouona nikajua ni mimi, na ni mkono wako."

"Ni kazi tu, mama. Wao ndio waliotaka."

"Na aliyechora nani?"

Kalamu hakuwa na pa kujificha. "Mimi."

"Basi." Mama alisema kwa upole, hana hata hasira, na upole huo ulimchoma Kalamu kuliko matusi. "Ile mara ya kwanza ulisema hivyo hivyo nilivyo. Safari hii hukusema kitu, ukachora tu, ukaacha na kuja. Nikajua unaona haya kuniambia. Nikasema, mwanangu amesoma, ametembea, ameona watu. Kama akinifikiria ananiona hivi, acha na mimi nijitahidi kidogo. Povu linachoma, lakini nalala nalo."

Mchuma janga hula na wa kwao. Kalamu akalia, akaishika miguu ya mama yake, akasema nisamehe, nisamehe, maneno yakigongana. Akasema ni uongo mama, sikuoni hivyo, twende hospitali sasa hivi. Mama akampapasa kichwa kama anavyompapasa mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Hospitali tutakwenda. Lakini kwanza nitazame."

Akainuka, akaenda dirishani, akafungua pazia. Mwanga ukamwingia wote. Akachukua kipande kimoja ambacho hakijafunguliwa, akakiweka kando ya shavu, vile vile kama alivyokuwa akifanya dukani.

"Wewe ndiye mwenye jicho la rangi. Sema kweli, usinionee huruma. Nimekaribia?"

Na jicho lile, lilaaniwe jicho lile, lilifanya kazi yake kabla Kalamu hajalizuia. Liliona kwamba paji la uso bado, shingo bado sana, mashavu yameshapita. Kalamu akainamisha macho.

Mama akadhani hajaona vizuri. Akasogea karibu na mwanga, akacheka kusudi mwanya uonekane, ili afananishe. Ngozi ya mdomo ikapasuka, damu ikatoka kidogo. Hakuifuta. Aliendelea kucheka hivyo hivyo, sabuni shavuni, akimsubiri mwanawe aseme.