Foleni Mbili Mjini York

Hilary Outhwaite aliiona foleni, akajipanga nyuma yake. Hakuuliza ni ya nini. Ilianzia upande wa pili wa barabara na kuishia karibu na sanamu, pale pale alipoambiwa kwamba waongozaji wa kujitolea huwakusanya wageni. Watu walisimama kwa adabu chini ya miavuli. Kwake hilo lilitosha.

Alikaza mkanda wa begi, akarudia maneno yake kimoyomoyo. *Habari, Clive. Nilikuwa napita tu.*

Uongo huo ulikuwa umemtesa miguu. Siku tatu alikuwa akizunguka peke yake kama mtalii asiyeshiba. Huko Lincoln alipanda kilima mpaka magoti yakamlalamikia, na Durham akatazama kila kaburi la askofu bila kukumbuka hata jina moja. Alitaka kaka yake, Clive, akimwona York aone mtalii, si dada aliyekuja kutafuta suluhu. Kwao mtu haendi mlangoni kwa ndugu yake akaanza kulia. Hutafuta kisingizio kwanza.

Walikuwa hawajasemeshana tangu mazishi ya mama yao. Siku ile Clive alisimama kanisani, akawashukuru majirani, daktari, hadi paka wa marehemu. Hilary, aliyemwogesha mama kwa mikono yake miaka yote ya ugonjwa, hakutajwa. Akainuka akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake. Wiki iliyopita tu ndipo Tamsin, binti wa Clive, alipompigia simu.

"Shangazi, ungengoja kidogo. Ukurasa wa mwisho wa hotuba wote ulikuwa wako. Baba alikisomea kiti kitupu."

Na kesho Clive alikuwa anahamia New Zealand kwa mwanawe mwingine. Leo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuwatembeza wageni.

"Mvua hii haina haya," alisema mama mmoja mbele yake, kijibwa kimechungulia kwenye koti lake.

"Afadhali kuliko jana," alijibu Hilary.

"Jana ilipiga ubavuni, mpenzi. Mimi iliniingia masikioni."

Huko York hata mtu usiyemjua atakuita mpenzi. Hilary alitabasamu. Foleni ilisogea hatua moja, ikaganda. Kengele ya kanisa kuu ikalia. Muda wa Clive kuanza ulikuwa umefika, na hakuonekana popote. Hilary alitaka kuuliza, lakini alikuwa amesimama pale muda wote huo. Akiuliza sasa si ataonekana mpumbavu? Akaumeza ulimi.

Ndipo alipoiona skafu ya manjano. Mama yao mwenyewe alimfumia Clive, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Ilikuwa inapanda ngazi za ukuta wa kale unaozunguka mji, kundi la watu likiifuata.

"Samahani," alimwambia mama wa kijibwa. "Hii si foleni ya matembezi?"

"Matembezi? Hii ya mgahawa wa chai, mpenzi. Skonzi zao hizo, we acha tu."

Hilary alichomoka. Ngazi zilikuwa zimelowa, na njia ya juu ya ukuta ni nyembamba, upande mmoja haina hata kizuizi. "Samahani. Samahani. Naomba nipite." Babu mmoja alijibana ukutani, naye akaomba radhi kwa kuwa na tumbo. Mbele, skafu ilipotea kwenye kona, ikaonekana tena, ikapotea. Mara Hilary aliteleza, goti likagonga jiwe. Akainuka bila kulitazama.

Aliwafikia kwenye lango ambako ukuta unashuka. Clive alikuwa anamalizia. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa imezeeka. Hilary alisimama nyuma kabisa, kofia ya koti imemfunika uso, akasikiliza neno kwa neno mpaka la mwisho.

Watu wakapiga makofi, kisha wakafanya wanachofanya siku zote: wakajipanga mmoja mmoja kumshukuru. Hilary akajipanga wa mwisho. Angeweza kupita mbele. Hakupita.

Zamu yake ilipofika, maneno yote aliyoyakariri yalitoroka. Clive alimtazama goti linalovuja damu.

"Umepanga foleni," alisema.

"Kulikuwa na watu mbele yangu."

"Siku ile ulitoka sijamaliza."

"Najua. Tamsin kaniambia." Akairudisha nyuma kofia ya koti. "Leo nimekosa mwanzo, Clive. Ila mwisho nimeusikia."

Clive alivua skafu, akaikunjakunja, akainama polepole na kumfunga goti nayo. Hakumwangalia.

"Begi langu halijafungwa bado," alisema akiwa chini. "Umekunywa chai?"

"Nimetoka kwenye foleni yake sasa hivi."

"Ile ya pale kwenye sanamu? Wewe mwehu. Ile haisogei."

"Haisogei kabisa."

Wakarudi wote wawili, taratibu kwa sababu ya goti. Foleni ilikuwa imerefuka mara mbili. Walijipanga mwishoni, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani Hilary hakutazama saa. Aliomba tu isisogee.