Sura ya Hatua Tano

Wuryani alipofanywa mkuu wa kitengo cha kukausha, hakupewa ofisi wala kiti kipya. Alipewa kitabu. Pak Gunadi, mwenye kiwanda, alimkabidhi kwa mikono miwili kana kwamba anampakata mtoto mchanga, akasema kwa heshima, "Ukimaliza hiki, Bu, kuna kingine."

Alidhani ni utani, na haukuwa utani. Kila mwezi kiwanda kile cha krupuk, chipsi nyembamba za kamba wa baharini, pale Sidoarjo kilipokea kamba hao, unga wa muhogo na vitabu. Vilikuwa vitabu vya uongozi, vyenye picha za wanaume waliokunja mikono kifuani, wakitabasamu kama watu waliolala vizuri. Kila Jumatatu asubuhi wakuu wa vitengo walikaa mezani kwa Pak Gunadi, kila mmoja akaeleza alichojifunza. Yule wa stoo alisoma dibaji na ukurasa wa mwisho tu, na ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote.

Wuryani alisoma kweli. Alisoma jioni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, mgongo umeegemea ukuta, na mara nyingi mumewe, Mardi, alimkuta amesinzia kitabu kimemfunika uso.

"Amka ukalale," Mardi alimwambia. "Kiongozi gani huyu anakoroma mbele ya wafuasi wake?"

"Wafuasi gani?"

"Mimi na paka."

Shida ya vitabu vile ni kwamba havikupatana. Kimoja kilisema kiongozi lazima ajue ndoto ya kila mtu aliye chini yake. Basi akazunguka uani, kati ya vichanja vya mianzi vilivyoanikwa krupuk mbichi, akawauliza wanawake ndoto zao. Mmoja akasema ndoto yake ni kulala. Mwingine, Yatmi, akajibu bila kuinua kichwa, "Ndoto yangu jua litoke, Bu. Na wewe usogee kidogo, maana hata hicho kidogo kilichopo umenizibia." Wakacheka wote, na yeye akacheka, akasogea.

Kitabu kingine kikasema msifu mtu mbele ya wenzake. Akamsifu Sumirah, na wiki nzima wenzake wakamwita Sumirah "Malkia", wakimpigia goti kila alipopita na kichanja kichwani. Kingine kikasema kiongozi asile na watu wake, maana mazoea hudhoofisha amri. Huyo akaenda kula peke yake stoo, amekaa juu ya gunia la unga. Hazikupita siku nyingi Sumirah akamfuata.

"Unaumwa?" Sumirah aliuliza, amesimama mlangoni.

"Hapana, dada Mirah."

"Tumekukosea?"

"Hapana."

"Basi njoo ule na watu. Wameshaanza kusema unaficha nyama."

Sumirah alikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa kazi. Ndiye aliyempokea Wuryani siku ya kwanza, msichana hajaolewa bado, akamfunga kitambaa kichwani ili jua lisimwangushe. Ndiye aliyembebea mtoto wake wa kwanza uani alipokuwa hana wa kumwachia. Wuryani alipopandishwa cheo, Sumirah alikuwa wa kwanza kumwita "Bu", yaani mama, kwa sauti kubwa, ili wengine wafuate. Wakiwa wawili tu aliendelea kumwita Wur.

Mwaka ule mvua haikujua kuacha. Walianika asubuhi, wakaanua kabla ya adhuhuri, wakaanika tena, wakaanua tena, mpaka mikono ikafanya kazi yenyewe bila kuulizwa. Krupuk zikaota kuvu. Duka kubwa moja la Surabaya likarudisha mzigo mzima, na maboksi yakakaa getini yakinuka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyagusa. Baada ya hapo Pak Gunadi akanunua tanuri la kukaushia.

Alimwita Wuryani, akafunga mlango.

"Tanuri litahitaji nusu ya watu wako," alisema. "Wanaoweza kusukuma toroli nzito na kusoma namba za mashine. Wewe unawajua kuliko mimi. Nipe majina ya watakaobaki, na hao wengine uwaambie wewe."

"Na dada Sumirah?"

"Unanionaje, Bu, kipofu? Goti lake mimi naliona. Macho yake naona anavyoyakaza."

"Mpeleke kufungasha."

"Kufungasha nako napunguza." Akavua miwani, akajisugua uso kwa viganja. Alionekana mtoto kwa ghafla, yule mtoto ambaye marehemu mama yake alikuwa akimleta kiwandani na sare ya shule. "Unadhani nasoma vitabu hivi kwa sababu najua? Mama aliniachia kiwanda na funguo. Hakuniachia maneno. Wiki ijayo mwandishi wa kile cha maamuzi magumu anakuja Surabaya kufundisha. Nenda ukamsikilize. Labda atakupa njia."

Basi Wuryani akaenda. Semina ilikuwa katika ukumbi wa hoteli, baridi kama ndani ya jokofu, na yeye hakubeba sweta. Mwandishi, Pak Danurwenda, alikuwa mzee kuliko picha yake ya jaladani. Alitembea jukwaani huku na huko, akawafanya watu wasimame, wakae, wageukie jirani na kumwambia "wewe ni kiongozi". Jirani ya Wuryani alikuwa meneja wa benki, kijana wa manukato, akamwambia hivyo huku akitazama simu yake. Kisha mwandishi akaeleza sura yake iliyompa jina, ya hatua tano za kumpa mtu habari mbaya. Hatua zilionyeshwa ukutani kwa rangi mbalimbali. Wuryani alizisikiliza kwa makini, akajaribu kumweka Sumirah ndani ya kila hatua, na kila mara Sumirah hakuenea.

Wakati wa mapumziko watu wakapanga foleni kutiwa sahihi. Wuryani hakuwa na nguvu ya kusimama. Akatafuta mahali penye joto, akapita mlango wa nyuma, na pale kwenye ngazi za jikoni akamkuta mwandishi mwenyewe, amevua viatu, anakula wali wa kufungwa kwenye jani la mgomba.

"Samahani, Pak," alisema, akitaka kurudi.

"Kaa tu. Ila kama ni sahihi, mikono yangu ina mafuta."

"Si sahihi. Ni hatua tano." Akakaa ngazi ya chini yake. Akamweleza yote: uani, mvua, tanuri, Sumirah. Hakupamba. Alipomaliza, mwandishi alikuwa ameacha kutafuna.

"Mhariri ndiye aliyetaka tano," alisema. "Mimi nilikuwa nazo mbili. Mbili hazijazi sura."

"Zipi hizo mbili?"

"Mwambie wewe mwenyewe, mapema, kabla hajasikia kwa mtu. Na usijifiche. Kama jina umelichagua wewe, usiseme 'wameamua'." Akakunja jani polepole. "Kuna jingine ambalo sikuliandika kwa sababu lilinishinda. Usimwombe akufariji. Ukilia mbele yake, atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo ni yake, si yako."

"Wewe ulilia, Pak?"

"Nililia sana. Watu niliowaachisha kazi walininunulia soda."

Hakucheka alipolisema hilo, na Wuryani naye hakucheka. Mwandishi akaitwa kutoka ndani, mtu mwenye kipaza sauti akitaja jina lake kwa shangwe. Akavaa viatu kwa shida, akiguna, akaingia. Dakika chache baadaye sauti yake ikasikika ikiwauliza watu kama bado wana nguvu, na ukumbi mzima ukaitikia kwamba wanazo.

Kesho yake Wuryani aliwahi kiwandani. Sumirah alikuwa ameshafika, anapangusa vichanja kwa kitambaa kikavu. Mawingu yalikuwa chini, bado hayajaamua.

"Dada Mirah, tukae."

"Nikikaa, kuinuka ni safari. Sema tu."

Akasema. Alisema kwamba tanuri linaanza mwisho wa mwezi, kwamba nusu yao watabaki na Sumirah hayumo, na kwamba majina aliyachagua yeye. Alisema alimwomba Pak Gunadi nafasi ya kufungasha ikakosekana. Alieleza kiinua mgongo atakacholipwa na siku atakayokichukua. Machozi yalikuwa yamefika pale pale ukingoni, akayameza, akautazama ukuta wa nyuma ya Sumirah mpaka yakarudi.

Sumirah aliendelea kupangusa kichanja kilichokwisha kauka.

"Kwa hiyo leo tuanike, au tusianike?"

"Tuanike."

"Nauliza tu. Isije ikawa naanika bure." Akaweka kitambaa begani. "Umesema vizuri, Wur. Umenyooka kama mtu anayesoma. Nilikubebea mtoto mgongoni hapa hapa, ukawa unalia ukipigwa na jua, unalia ukikosea, kila kitu unalia. Leo hata jicho halikulowa. Vitabu vimekufundisha."

Wuryani alifungua kinywa amweleze. Akaona kwamba kumweleza ndiko kule kule kuomba kubembelezwa, akakifunga. Akachukua upande wa pili wa kichanja, wakakibeba pamoja mpaka uani, Sumirah akichechemea mbele. Siku ile walianua mara tatu.

Jioni alimwambia Mardi yote, akalia sana, kitandani, uso ndani ya mto. Mardi akampaka mafuta ya mkaratusi miguuni.

Tanuri likaanza. Lilikausha vizuri, hakuna aliyeweza kulisema vibaya, ila lilinguruma kutwa na waliobaki wakawa wanapigiana kelele hata kuombana chumvi. Pale walipokuwa wakianika pakawa pa kuegesha pikipiki. Jumatatu moja Pak Gunadi alimtaka Wuryani aeleze mbele ya wenzake alichojifunza kwa Pak Danurwenda, akasema amejifunza kumwambia mtu mapema. Akasubiriwa aendelee, na hakuwa na la ziada. Yule wa stoo akamsaidia kwa kuzitaja hatua zote tano, bila kukosea hata moja.

Idi ilipofika, Wuryani alivaa nguo nzuri akaenda kwa Sumirah kuomba radhi, kama watu wote wafanyavyo siku ile. Alikwenda peke yake. Sumirah siku hizo alikuwa anauza krupuk za kukaanga barazani, na ile siku alikuwa amefunga meza, wajukuu wamejaa ndani. Alipokea mkono wa Wuryani, akasikiliza maneno ya radhi mpaka mwisho, lakini lake la kusamehe hakulisema.

Akaenda jikoni, akarudi na chai na keki za nanasi. Akasimama.

"Goti vipi, dada?"

"Limepumzika. Mimi ndiye sijapumzika." Akaketi mwishowe, taratibu, kwa kushika meza. Wakawatazama watoto wakigombea kigoda. "Yatmi alipita juzi. Anasema siku ile uliponiambia ulikwenda ukajifungia chooni, ukatoka na macho kama nyanya."

Wuryani akamega keki ya nanasi.

"Ungelia mbele yangu tungelia wote, tukamaliza," Sumirah alisema. "Lakini nimefikiri pia. Pengine ningekuchukia kwa kulia. Sijui. Mtu akikosa kazi anatafuta tu pa kushika."

"Ni kweli, dada."

"Bado sijakusamehe, Wur. Nakwambia usije ukadhani chai ndiyo msamaha."

"Sidhani."

"Haya, kunywa, inapoa."

Wuryani akainywa. Ilikuwa na sukari nyingi. Mvua ikaanza nje, na wote wawili wakageuza vichwa kwa pamoja kuitazama, kisha wakabaki wameketi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuanua.