Jumamosi Iliyobaki Nyeupe

Ofisi yetu ya maafa hapa Bariadi ina kalenda moja tunayoiona wote kwenye simu. Kila mkusanyiko unaandikwa humo, ili zimamoto na wauguzi wajue watu watajaa wapi. Mwandikaji ni mimi, Nyamizi, na Jumamosi tano mfululizo nimezimalizia minadani, nikisubiri ajali ambayo, namshukuru Mungu, haikuja.

Ijumaa asubuhi Sylvester wa zimamoto, mpanga zamu wetu, akaingia anacheka, akanisalimu kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu! Kesho uko Sapiwi, mashindano ya ngoma.”

“Kesho Jenipha wangu anapata kipaimara Dutwa.”

“Mbona kwenye kalenda siku yako nyeupe, haina neno? Si wewe unayetufokea kwamba kisichoandikwa hakipo?”

Harusi za wenzangu zote nimeziandika, shughuli ya mwanangu nimeisahau. Nikatoa simu, nikaandika: Dutwa, kipaimara, watu mia sita, majiko ya kuni jirani na maturubai.

Sylvester akasoma kwenye simu yake, kicheko kikamkauka.

“Hii kweli ni hatari. Inahitaji mtu wa zamu.”

“Keshapatikana.”

“Na Sapiwi?”

“Jumamosi nyeupe iliyobaki ni yako, baba. Nenda ukacheze.”

Kesho yake askofu alimpaka Jenipha mafuta. Nilimwona vizuri kutoka mlangoni mwa kanisa, jicho moja kwake na jingine kwenye majiko, ndoo ya mchanga ubavuni, viatu vya sherehe nimevivua, tayari kukimbia.