Alivyovishwa Mutuku

Siku aliyokufa Mutuku, simu iliyolia zaidi mtaani ilikuwa ya Mutuku mwenyewe.

Msiwacheke watu wa Mtwapa. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamezoea hivyo: mtu akifa, kabla hujatafuta hata kitambaa cha kujifutia machozi, unampigia Mutuku. Basi habari zilipoenea asubuhi ile ya Jumamosi kwamba kuna msiba kwenye nyumba za nyuma ya kanisa, watu wakafanya walilolizoea. Simu ikaita mfukoni mwa dera la Jedida, mkewe, naye akaipokea bila kujua anaipokea. "Mutuku," Nyokabi, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, akasema mbio mbio, "uko wapi? Kuna mtu amefariki huko kwenu, njoo upesi." Jedida hakujibu. Nyokabi akasikia pumzi ya mwanamke, akaelewa. Kisha kikasikika kilio, na kilivuka barabara kabla ya kufika kwenye simu.

Wengine wanne walipiga siku hiyo hiyo, na kila mmoja alikata simu kwa aibu.

Mutuku alikuwa fundi seremala wa hoteli moja Kikambala, mrekebishaji wa vitanda na milango iliyovimba kwa chumvi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Ile nyingine hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Ilianza pale mwenzake kazini alipofariki, mtu wa bara asiye na ndugu karibu, naye Mutuku akaenda mochari akaona anavyovishwa, kama viazi vinavyotiwa kwenye gunia. Alirudi nyumbani na hasira ambayo Jedida hakuwahi kumwona nayo. Tangu hapo, maiti yeyote aliyekosa wa kumvisha, Mutuku alitoa siku yake ya mapumziko, akachukua wembe, chanuo na mafuta, akaenda. Aliwavisha wapishi, walinzi, wauza mitumba, na mabinti wa baa ambao ndugu zao waliona haya kuja kuwachukua. Alimnyoa kila mwanamume ndevu vizuri, hata yule ambaye hakuna aliyekuja kumtazama.

Na msidhani alikuwa mmoja wa wale wa nje malaika, ndani chui. Wapo wengi, na wengine tunawaita waheshimiwa. Mutuku kila jioni, akishakaa, aliuliza swali lile lile: "Haya, leo nani kakuudhi?" Akakaa kusikiliza mpaka mwisho, hata kama aliyekuudhi ni yeye. Binti yao wa pekee, Caroline, alipopata kazi ya mapokezi hotelini akahamia Kikambala, aliulizwa swali hilo kwa simu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na bado alikuwa akilijibu kwa kirefu.

Ila Jedida alikuwa na sharti moja. Alilelewa na bibi yake kule Makueni, na bibi alimfundisha kwamba mkono uliogusa maiti usiguse chakula wala mtoto kabla haujaoshwa na sabuni mpaka kwenye kiwiko. Mutuku alipoanza kazi ile, Caroline alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo sharti lilikuwa na maana. Caroline akakua, akaenda shule, akamaliza, na sharti likabaki. Mutuku akitoka mochari hupitia uani, penye tangi la maji, hanyooshi mkono kwa yeyote wala hashiki kitasa cha mlango mpaka amalize. Alizoea kusimama pale mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Afande," humwita mkewe, "naomba ruhusa ya kuingia." Jedida hucheka sana, lakini ruhusa hakumpa hata siku moja kabla ya sabuni.

Jumamosi ile Mutuku alirudi saa nne, kutoka kumvisha mlinzi mmoja mzee. Jedida alikuwa ndani, ungo mapajani, akichagua mchele. Alisikia bomba la tangi likifunguliwa. Kisha akasikia akiitwa: "Jedida, njoo."

"Maliza kwanza kunawa!" akajibu bila kuinua kichwa.

Mbali na mzaha wa Afande, siku zote alimwita Mama Caroline. Kwamba safari hii alimwita kwa jina lake, Jedida alikuja kulitambua baadaye, alipokuwa hana la kulifanyia. Aliendelea na mchele wake. Kilichomtoa nje ni maji. Maji ya tangi lile yalinunuliwa, na yalikuwa yakimwagika tu, kwa hiyo alitoka akiwa ameshaandaa maneno ya kumgombeza. Akamkuta ameketi chini, ameegemea tangi, sabuni mpaka kwenye viwiko, macho wazi. Daktari alisema ni moyo. Hakusema kama dakika tano zingemwokoa, na Jedida hakuthubutu kuuliza.

Watu walipojaa uani, mtu wa kwanza akamuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Mdomo ukasema wenyewe: "Sokoni."

Kufikia adhuhuri neno hilo lilikuwa la mtaa mzima. Maskini Mutuku, alifia uani peke yake, mkewe yuko sokoni. Mchungaji akalitia kwenye maombi: ndugu yetu aliyehakikisha hakuna mtu anayeondoka bila mtu, yeye mwenyewe ameondoka bila mtu. Watu wakalia. Jedida akajifunika leso uso mzima, wakasema masikini mjane, na kumbe ndani ya leso ile alikuwa anajificha.

Pengine angeweza kuishi na uongo ule, kama wengi wanavyoishi na uongo wao, lau usingemwangukia mtoto. Asubuhi ile Caroline alikuwa ameahidi kuja. Alitoka zamu ya usiku, akajilaza kidogo, akasema atakwenda mchana. Sasa matanga yalikuwa siku ya tatu, naye alikaa kwenye mkeka mgongo ukutani, sahani mbele yake haijaguswa.

"Ningekuja, Mama," alikuwa akisema. "Ningekuja ningekuwepo pale. Angekuwa na mtu wa kumwita."

"Kula kidogo, Caro."

"Alikuwa ameniambia ataninunulia mahamri. Mimi nililala."

Kila mara Jedida alifungua mdomo, na kila mara aliufunga. Hebu jiwekeni mahali pake. Mume ameshakwenda. Aliyebaki ni huyu mmoja. Akimwambia ukweli atampunguzia mzigo, ndiyo, lakini atabaki na nani duniani? Na asipomwambia, binti atazeeka akiamini kwamba usingizi wake ndio uliomuua baba. Jedida alilipindua jambo hilo siku nne, na kila lilipogeukia lilikuwa na miiba.

Msiba wenyewe ulikwenda ovyo. Hema lilifungwa likaanguka, viti vikaletwa vya harusi vyenye utepe wa waridi, na watu wakawa wanasimama wakitazamana kama wanaongoja mtu fulani afike atoe amri. Kioko, kaka wa marehemu, alikuja kutoka Makueni na mambo yake yamepangwa: kaburi limechimbwa, gari limekodiwa, maiti aondoke Alhamisi asubuhi. Kuhusu kumvisha, akasema, watawaachia watu wa mochari.

"Nitamvisha mimi," Jedida akasema.

Wote wakageuka. Mtaa mzima ulijua habari za sabuni na tangi.

"Shemeji, umechoka," Kioko akasema kwa upole. "Na wewe hujawahi kumgusa maiti."

"Nitamvisha mimi."

"Na mimi nitakuwa naye," Caroline akasema kutoka mkekani. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo ambalo halikuanza na ningekuja.

Mochari walipokelewa na mhudumu aitwaye Kambi, mtu mfupi wa Magarini mwenye sauti ya taratibu. Aliwaamkia, akawapa pole, akawapa glavu. Caroline akavaa zake. Jedida akazitazama zake, kisha akamrudishia Kambi.

Mutuku alikuwa amelazwa juu ya meza, shuka mpaka kifuani. Kambi na wenzake walikuwa wameshamvisha suruali na shati, na ndevu wamemnyoa vizuri sana, na Kambi alisimama kando akingoja waone hivyo. Lilibaki koti, lile la kijivu la harusi ya mpwa wake. Kambi alikuwa na mkasi mkononi.

"Kawaida, mama, koti hulikata mgongoni, toka ukosi mpaka chini," akaeleza. "Linawekwa juu tu, kwa mbele halionekani." Akautazama mkasi, kisha akautia mfukoni haraka. "Hapana, nisameheni. Huyu hakukata koti la mtu hata siku moja. Sisi tulimcheka. Akasema, mtu haendi mbele za Mungu na koti la mbele tu."

Caroline alitoa sauti, nusu kicheko.

"Lakini bila kukata, kazi ni ya watu wawili, na si ya haraka. Mmoja huku, mmoja huku. Mkono umekuwa mgumu, msiuvute. Kisugueni kiwiko pole pole, kitalegea. Yeye alikuwa akianza kwa kuushika tu mkono, kimya, kabla ya lolote. Alisema, mtu asishtuke." Kambi akajifuta macho kwa bega lake, maana mikono ilikuwa na glavu. Mlangoni akaitwa, kuna gari jingine limefika, akatoka.

Wakabaki watatu. Caroline akaenda upande wa kulia, akaushika mkono wa baba yake, akaanza kukisugua kiwiko. Jedida alisimama upande wa kushoto. Mkono ulikuwa pale mbele yake, umelala kwenye meza, wenye kovu la patasi kwenye kidole gumba. Hakuugusa. Si kwa hofu ya maiti, hofu hiyo ilikuwa imemtoka bila yeye kujua lini. Aliona hana ruhusa.

"Baba," Caroline akanong'ona, "nisamehe. Ningekuja, usingekuwa peke yako. Nilisema nilale kidogo tu..."

"Caro," Jedida akasema. "Sikuwa sokoni."

"Nini?"

"Siku ile. Nilikuwa nyumbani, nachagua mchele. Aliniita. Nikamwambia amalize kwanza kunawa."

Caroline hakuelewa, kisha akaelewa. Mkono wake ukaacha kusugua, ukabaki pale kwenye kiwiko.

"Wewe huna kosa," Jedida akaendelea kwa haraka, maana alijua akisimama hatamaliza. "Hata chembe. Usiseme tena angekuwa na mtu wa kumwita. Mtu wa kuitwa alikuwepo. Nilikuwepo mimi, hatua kumi, na mlango uko wazi."

Nje Kioko alipiga honi, safari ilikuwa ndefu. Caroline alimtazama mama yake, na Jedida akaona anatazamwa kama mgeni aliyepishana naye njiani. Alikuwa ametarajia kelele. Kelele angeziweza.

"Aliita mara ngapi?" Caroline akauliza.

Mara moja. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limekaa palepale lilipokaa lile la sokoni, na hakukuwa na mtu aliye hai wa kulipinga. Jedida alimtazama Mutuku.

"Mara mbili."

"Na ya pili ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilidhani ananitania."

Hapo Caroline aliinama, akaweka paji la uso kwenye kifua cha baba yake, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu Jumamosi, cha mtoto aliyepotea sokoni. Meza ya chuma ikatetemeka. Jedida alitaka kuizunguka amfikie, na hakuthubutu. Alisimama upande wake, mikono imening'inia, machozi yakimdondokea shingoni mwa dera, akasubiri. Kioko akafungua mlango, akawaona, akaufunga taratibu. Honi haikulia tena.

Mwishowe Caroline akainuka, akajifuta uso kwa mgongo wa glavu. Hakumtazama mama yake.

"Siwezi kukusamehe leo," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Sijui lini."

"Najua."

Caroline akalichukua koti, akalikung'uta, akalikunjua kwa upande wake, akauingiza mkono wa kulia mpaka kiganja kikatokeza. Akalipitisha chini ya mabega. Kisha akaushika mkono wa koti wa kushoto, mtupu, akaunyoosha juu ya meza kumwelekea Jedida.

"Shika mkono wake, Mama," akasema. "Baba anasikia baridi."

Jedida akaushika.