Swichi ya Watu Wawili

Gari liliingia gereji likitoa moshi, na dereva akaruka nje akipiga kelele kana kwamba sisi ndio tuliolichoma.

"Fungueni mbele! Haraka! Iko inaungua!"

Nilifungua boneti nikachomoa kichwa cha betri. Hilo huja kwanza, kabla ya maji, kabla ya mchanga, kabla ya maswali. Moshi ulipungua, ikabaki harufu ya plastiki iliyoungua, na chini yake harufu ya petroli ambayo sikuipenda hata kidogo.

Byamungu, Mkongo wa Uvira anayenyoosha mabati pale kwetu, alisogea na nyundo yake. "Dada Sijaona, hii gari inavuta sigara kushinda patron yake."

Kweli, dereva alikuwa na sigara kidoleni hata wakati ule. Nikamwambia aizime. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi ovaroli.

"Fundi wa umeme iko wapi?"

"Unamwona."

"Mwanamuke?"

"Kama gari yako ni mwanaume, iambie ijitengeneze."

Gereji nzima ikacheka. "Iko na diploma, patron," Byamungu akasema. "Mi ndiyo sina. Mi niko na nyundo."

Akatupa sigara, akajitaja: Salvator, muuza mashuka na mapazia wa mtaa wa Nyakabiga. Ilikuwa mwaka 2004. Risasi za vita zilikuwa zimepungua, na watu kama yeye, ambao kwa miaka mingi hawakukanyaga Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, walikuwa wameanza tena kutuletea magari, maana mafundi tuko huku.

Sikuhangaika kuona kilichoungua. Waya mmoja wa kijivu, wa aina ile wanayofungia taa za ukutani majumbani, ulitoka moja kwa moja kwenye betri, ukapenya tundu la bati linalotenga injini na miguu ya dereva, ukaingia kwenye kiswichi cha ovyo kilichoning'inia chini ya usukani, kisha ukarudi mbele hadi kwenye bobini inayopeleka cheche kwenye plagi. Haukuwa na fyuzi. Tundu halikuwa na mpira wa kuukinga. Kila gari lilipotetemeka bati lilikuwa likiutafuna, mwaka baada ya mwaka, mpaka shaba ikagusa bati. Waya wa namna hiyo ukigusa bati hakuna kinachouzuia. Unakuwa mwekundu kama kaa la jikoni. Na huu ulikuwa umelala juu ya mpira wa petroli, na mpira ulikuwa umeshaanza kulainika.

Nikafuata nyaya nyingine nione kama nazo zimeungua. Hapo mikono yangu ikasimama.

Nyaya za zamani zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi wa nyavu uliopakwa nta ya mshumaa, fundo moja kila baada ya vidole vinne. Mafundi wote wa Bujumbura hufunga kwa utepe mweusi. Mtu mmoja tu alikuwa akisema utepe huyeyuka kwa joto, na mtu huyo alikuwa akinikalisha juu ya debe nimpakie uzi nta.

Gari lilikuwa la kijani. Nikakwaruza ukingo wa boneti kwa bisibisi. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe.

Baba yangu aliondoka nyumbani asubuhi moja ya mwaka 1996, siku vijana walipofunga barabara kwa mawe na magogo, akiendesha Corolla nyeupe. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakurudi yeye wala gari. Mashehe walikuja wakataka tumsalie bila maiti, mama akawafungia mlango. "Sitamuzika mutu mwenye sijamuona," alisema. Hajakaa eda wala kuvua bangili zake mpaka leo. Miaka minane si mke, si mjane, anazeeka akisubiri kuambiwa mahali pa kwenda kulia. Mahali tu. Hakuna kingine ambacho yeye na mimi tulikuwa tunakiomba.

Nilijifuta mikono polepole. Kisha nikafanya ninachofanya kwa kila gari: nikauliza historia ya ugonjwa.

"Hii waya ya kijivu, nani aliweka?"

"Mi mwenyewe!" Salvator akasema, kwa fahari kabisa. "Siku ya kwanza tu nilipopata hii gari. Ilinigomea kule Buterere, katikati ya mipunga. Ufunguo uko, petroli iko, betri iko, inazunguka, inazunguka, haishiki. Tukaisukuma mpaka kwenye lami. Nikachomoa waya ya taa katika nyumba moja yenye watu walikuwa wamekimbia, nikafunga. Ikawaka! Miaka munane haijanisumbua."

"Na ulinunua kwa nani?"

Alisita kidogo tu. "Kwa mutu."

Nikatabasamu. Sijui tabasamu lile nililipata wapi. "Rudi baada ya alasiri, patron. Utaikuta imepona."

Alipotoka nilikaa kwenye siti ya mbele nikavuta kidroo cha majivu ya sigara. Kilikuwa kimejaa vichungi hadi juu. Alikuwa akivichota kwa vidole tu kila kilipofurika, wala hakuwahi kubonyeza kibati cha chini kinachokitoa kidroo kizima. Nikabonyeza. Kilipotoka, nyuma yake, palepale mimi na baba tulipoifunga, kulikuwa na swichi ndogo ya shaba ya taa ya kitandani.

Baba hakuvuta sigara maishani mwake. "Mwizi atavuta," aliniambia siku tulipoifunga, akicheka peke yake. "Ataangusha majivu mbele yake na hataiona. Hii swichi inajulikana na watu wawili, mi na we."

Ilikuwa imezimwa, na ikizimwa bobini haipati umeme. Aliizima kwa kidole chake mwenyewe pale walipomsimamisha. Gari halikuwahi kugoma. Lilikuwa likimtii.

Mzee Mohamadi, mwenye gereji, aliyeanza kazi siku moja na baba, alinikuta nimekaa pale. Nilimwonyesha uzi, nikamwonyesha swichi. Akaugusa uzi, fundo kwa fundo.

"Nitaacha waya yake kama ilivyo," nikasema. "Nitaificha vizuri tu, palepale kwenye mupira wa petroli, moshi usionekane mapema. Kesho kutwa atakuwa mukaa."

Hakunikemea.

"Unaweza," akasema. "We ni fundi. Na mama yako atauliza nani, binti yangu? Mukaa?"

Nilimchukia kwa swali lile. Nilitaka kumtukana. Badala yake nilichukua koleo nikaukata waya wa Salvator vipande vipande, nikang'oa kiswichi chake cha ovyo, nikabadilisha mpira wa petroli, nikaweka fyuzi, nikarudisha njia ya baba kama alivyoifunga, ikipita kwenye swichi ya shaba. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Kisha nikakimbia nyumbani, nikafungua sanduku la mama akiwa sokoni, nikachukua karatasi ya waridi ya gari, ile carte rose yenye jina la baba.

Salvator alirudi akitafuna mshikaki.

"Imepona?"

"Kabisa. Washa."

Aliingia, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akageuza tena. Mkono wake ukashuka chini ya usukani kutafuta kiswichi chake, ukapapasa hewa.

"We binti, umeua gari yangu!"

"Gari yako?"

"Yangu! Ya nani ingine?"

"Basi mwenye gari anajua swichi yake iko wapi. Tuonyeshe."

Byamungu alikuwa ameshafunga geti. Nyundo zilinyamaza, spana zikanyamaza, mafundi wakasogea mmoja mmoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu Buyenzi gari lenye swichi ya siri likizua ugomvi, mtu huambiwa aiguse, na mkono unaoigusa ndio wa mwenye gari.

"Swichi gani?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ile mulitafuta Buterere."

Nilizunguka nikakaa kando yake. Nikachomoa kidroo, nikammwagia mapajani majivu yote na vichungi vyote, juu ya suruali yake iliyopigwa pasi. Kisha nikaingiza kidole kule nyuma.

Tak.

"Sasa washa."

Injini ikashika mara moja, laini, bila moshi. Hakuna aliyeshangilia. Mzee Mohamadi alisoma kwa sauti namba ya kwenye carte rose, na Byamungu, akiwa ameinama ndani ya boneti, akasoma ile iliyochongwa kwenye bati. Tarakimu kwa tarakimu. Zilipoisha, Salvator alikuwa ameacha kutafuna.

"Mi ni mutoto wake," nikasema. "Nipeleke mahali mulimwacha."

"Nilinunua hii gari, naapa..."

"Asubuhi ulisema ulifunga waya mwenyewe. Mbele ya gereji nzima."

"Angalia, sha," Byamungu akamwambia kwa upole, kupitia dirishani. "Hawa wote wako na spana mukononi. Mi niko na nyundo. Mwenye anakuomba polepole ni dada peke yake."

Niliendesha mimi. Salvator alikaa kando yangu na majivu yake mapajani. Mzee Mohamadi na Byamungu nyuma yake. Tukaenda moja kwa moja Buterere. Pale Salvator akanyoosha kidole kando ya barabara. "Ni hapa."

Nikaingiza kidole, nikazima swichi. Gari likafa katikati ya njia, na lori lililokuwa nyuma likapiga honi kama limechomwa.

"Asubuhi ulisema muliisukuma mpaka kwenye lami. Hapa ni lami."

Honi. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Tutagongwa!"

"Tutagongwa sote."

"Mbele," akasema. "Mbele, kushoto."

Njia ya udongo ilikatiza mashamba ya mpunga, maji huku na huku, wanawake wameinama wakipalilia. Penye kidaraja cha saruji akasema simama. Alinyoosha kidole kwenye matete, hatua kumi kutoka njiani, na safari hii sikuhitaji kumuuliza mara mbili, kwa sababu hakuweza kupatazama.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Si mi nilimupiga. Mi nilifunga waya tu."

"Alikuwa hai bado, gari ilipogoma?"

Akapangusa majivu mapajani.

"Alikuwa hai?"

"Tulimuuliza swichi iko wapi." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Tulimuuliza sana. Angesema tu, labda..."

"Labda nini?"

Mzee Mohamadi alivua viatu, akaingia kwenye matope, akasimika mahali pale nondo aliyokuja nayo toka gereji, akaanza Fatiha kwa sauti iliyokatika. Mimi nilimshusha Salvator tukasimama njiani. Walimuuliza sana. Ile sauti ya baba akicheka peke yake, mi na we, ilikuwa sikioni mwangu, na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hakuwapa.

"Rudi kwenye gari," nikamwambia Salvator.

Uso wake ulilegea, alidhani yamekwisha. Alipofika mlangoni nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, na swichi imezimwa.

"Haiwaki," nikasema. "Sukuma."

"Lakini swichi unaijua..."

"Sukuma mpaka kwenye lami. Njia unaijua."

Alisukuma. Matope yalimfika magotini, kiatu kimoja kikabaki humo. Kila aliposhika kasi nilikanyaga breki kidogo, aanze upya. Wanawake walinyoosha migongo kutazama.

"Hiyo gari iko na nini?" mmoja akauliza.

"Gari haina kitu, mama," Byamungu akajibu, akitembea kando na mikono mfukoni. "Mwenye kusukuma ndiye mugonjwa."

Alianguka mara mbili. Hakuna aliyemwinua. Tulipofika kwenye lami alipiga magoti akihema, majivu na matope yamekuwa kitu kimoja kwenye suruali.

"Tumemaliza?" akauliza.

"Apana. Kila fundi wa Buyenzi anajua sura yako na mahali unauzia mashuka yako. Kesho asubuhi sisi tutakuja na sanda. We utakuja na jembe."

Nikaingiza kidole. Tak. Nilimwacha pale na Byamungu akimlinda mpaka nirudi; Mzee Mohamadi alikuwa amebaki na nondo yake kwenye matete. Nilifungua madirisha yote manne ili upepo uyatoe majivu.

Mama alikuwa ametoka nje kabla sijapiga honi. Mlio wa injini ile aliusikia tangu kona. Alitazama rangi ya kijani, akapitisha kiganja juu ya boneti yenye joto, kisha akanitazama.

"Iko wapi?"

"Buterere, mama. Nimepaona."

Akavua bangili zake mbili, akaziweka juu ya ngazi ya mlango, akaja kukaa kando yangu.