Yavuyavu Aliyekua

Watu husema mtafiti hafichi kitu. Thubutu! Muulizeni Miwani, siku alipobeba beseni la mayavuyavu wachanga, wale viumbe wa baharini laini kama uji, hadi kwenye sinki.

Miwani, ndivyo maabara nzima ilivyomwita, alikuwa amepata yavuyavu asiyejulikana, mkubwa kama sinia, mwenye pindo la zambarau. Vitabu vyote alivipekua, hayumo. Kilichobaki ni kumtangaza kuwa spishi mpya na kumpa jina la marehemu mama yake. Nyumbani dada zake walishalia kwa furaha. Ila kwanza alitaka kuona watoto wa yavuyavu huyo wanavyokua, maana yavuyavu mchanga hafanani kabisa na mzazi.

Asubuhi hiyo akachungulia kwenye hadubini, akachungulia tena. Mtoto alikuwa mweupe, ana minyiri minne, ile mikono inayoning'inia, mmoja mrefu kuliko mingine. Huyu anamjua! Ni yule yavuyavu mdogo aliyegunduliwa na Mjomba wake ujanani, spishi pekee aliyoipata maishani. Mjomba aliandika kwamba amekomaa, hakui tena. Kumbe alimwona mtoto! Mnyama ni mmoja, na sheria ya wataalamu haina huruma: jina la kwanza ndilo linalobaki.

Akiwamwaga, nani atajua? Alisimama pale sinkini mpaka mikono ikamuuma. Mwishowe akalifunika beseni, akalipeleka kwa Mjomba.

Mzee alitazama kwa kioo cha kukuzia, akasikiliza maelezo, akacheka hadi akakohoa. "Lo! Nimemzeesha mtoto wa watu miaka yote hii!"

Miwani hakucheka. "Nilitaka liwe jina la mama, Mjomba."

 Mzee akalivuta beseni kuelekea bombani.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Namwaga. Jina langu limekula chumvi ya kutosha. Na yule alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako."

Hapo ndipo Miwani alipolia, kwa kwikwi kama mtoto. Asubuhi ile, pale sinkini, angeshukuru. Sasa akamshika mzee mkono. "Acha, Mjomba. Mama angetutandika sote wawili."

"Tena kwa mwiko," mzee akakubali, machozi yakimlengalenga.

Wakakaa mezani. Miwani akafungua rasimu ya tangazo lake kwenye kompyuta, akaanza kulifuta jina la mama yake, herufi moja moja, na Mjomba akaangalia pembeni mpaka alipomaliza.