Firigisi ya Mzee Simiyu

Mwaka ule wa 2003, hakuna mwanamke Kitengela aliyelidharau soko kama Elsie Nakhumicha. Soko lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yake, na asubuhi aliwasikia wauzaji wakijuliana hali. Lakini Elsie, mke wa karani wa benki, alinunua chakula Nairobi. Sukuma wiki ya Isinya ilipita mbele ya lango lake ikiwa juu ya lori, ikafika Nairobi, ikavishwa plastiki, naye akaifuata huko na kuirudisha Kitengela kama mgeni wa heshima.

"Ya sokoni ina vumbi," aliwaambia wanawake wa chama chake. Nao, ambao wote walinunua sokoni kwa kujificha, wakakubali kwa kutikisa vichwa.

Jumamosi moja baba mkwe wake, Mzee Simiyu, aliwasili kutoka Bungoma. Hakuwa amewahi kukanyaga nyumba yao. Tangu harusi alikuwa akisema mwanawe Lazarus ameoa picha ya gazeti, na alikuwa amekataa kuwaonyesha pa kujenga nyumbani. Ziara hii ndiyo ingeamua. Kwa hiyo Elsie alikuwa amenunua kuku ghali kuliko wote supamaketi.

Akamfungua jikoni. Kuku alikuwa laini kama sabuni, hana kichwa, hana miguu. Elsie akatia mkono tumboni, akapapasa mpaka mwisho. Patupu.

"Lazarus!" akanong'ona. "Hana firigisi!"

Lazarus akaja mbio, akachungulia ndani ya kuku kama mtu aliyepoteza funguo. Kwao mgeni mwanamume huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Kumnyima mzee firigisi ni kumwambia, tena mbele ya mwanawe, kwamba si mwanamume na afunge safari arudi.

"Tumwambie kuku wa huku huzaliwa bila," Lazarus akasema.

"Mwambie wewe."

Elsie akatokea mlango wa nyuma mpaka sokoni. Gathoni, muuza kuku, alikuwa ameketi juu ya debe.

"Niuzie firigisi, mama. Haraka."

"Firigisi peke yake? Na kuku nitamwambia imeenda wapi?"

"Basi nipe kuku mzima."

"Ngoja kwanza. Si wewe ndio ule mama wa plastiki? Juzi ulipita hapa umeziba pua."

"Nilikuwa na mafua."

"Woi, pole. Hiyo mafua uko nayo tangu uhamie hapa."

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Gathoni akachomoa kuku mmoja mwekundu mwenye hasira. "Huyu nimelea mwenyewe, hapo Noonkopir. Firigisi yake ni kama ngumi."

Elsie akamtumbukiza kuku kwenye mfuko wa supamaketi. Kwenye kona akakutana uso kwa uso na Valerie, mwenyekiti wa chama, amebana fungu la sukuma chini ya leso.

"Umetoka Nairobi?" Valerie akauliza.

"Nairobi. Na wewe?"

"Mimi pia."

Kuku akatoa kichwa mfukoni, akapiga kelele. Wote wawili wakatazama juu, wakasifu hali ya hewa, wakaachana.

Lazarus alimchinja, na kuku akachemka mpaka mzee akachoka kunywa chai. Hatimaye bakuli likaletwa. Mzee Simiyu akafunua, akatafuta kwa kijiko, akaipata. Akaitafuna polepole huku Elsie akipiga magoti na maji ya kunawa, hathubutu kupumua.

"Kuku huyu ni wa nani?"

"Wa Nairobi, baba," Lazarus akawahi. "Wa supa—"

"Sijauliza wa wapi. Nimeuliza wa nani."

Lazarus akachungulia bakuli. Elsie akamtazama mumewe, akaona kiwanja cha Bungoma kikiyoyoma.

"Ni wa Gathoni, baba," akasema. "Anauza hapo nyuma. Amemlea mwenyewe."

"Mnajuana?"

"Tumejuana leo. Amenitukana kidogo."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ndiye mtu wa kununua kwake. Desemba mje niwaonyeshe pa kujenga."

Elsie akashusha pumzi.

"Na kesho tukitoka kanisani, mnipeleke kwa huyo Gathoni. Nataka jogoo wa mbegu. Nakhumicha, wewe utanibebea."

Elsie akaliona lango la kanisa, linalotazamana na soko, na chama kizima kimejipanga hapo na kofia zao. Akatafuta kisingizio kila pembe ya kichwa chake.

"Ndiyo, baba," akasema.